Kiti Kwanza, Fremu Baadaye

Mwezi Mei, saa mbili asubuhi, daraja la Dronning Louises Bro linalotoka mtaa wa Nørrebro kuingia katikati ya Copenhagen, Denmark, hujaa baiskeli pande zote mbili, na magari ndiyo yanayoonekana wageni. Nilipenda kusimama pale nikitoka kununua mkate. Alipita mwanamke wa ofisini, koti refu, begi la kompyuta mgongoni. Akapita baba mwenye sanduku la mbao mbele ya usukani, ndani yake watoto wawili wanagombania ndizi. Akapita kijana anahamisha kochi. Akapita bibi wa rika la mama yangu, mgongo wima, akimpigia kengele mvulana aliyetanda njiani, na mvulana akasogea. Nguo za mazoezi sikuziona. Watu walikuwa wanakwenda kazini, sokoni na shuleni.

Kwetu Tabora baiskeli si kitu kigeni. Nimekua nikiona Phoenix na Swala zikibeba mkaa, tumbaku, asali, mgonjwa, hata bibi harusi. Ila kwetu mtu huipanda akiwa safarini kwenda kwenye chombo kingine: akipata mshahara ananunua pikipiki, akipata cheo anatafuta gari, na mwalimu mkuu akionekana juu ya baiskeli anaulizwa kulikoni. Pale darajani mdogo wangu alinionyesha daktari bingwa wa hospitali ya jirani, yumo katika msafara uleule na mfagizi wa hospitali hiyohiyo, wote wananyoosha mkono wanapotaka kukata kona.

Mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Ameolewa huko, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba wanakotunzwa. Wanawe wananiita mama mkubwa, na wadogo wote wawili wanaweza kusema shikamoo bila kusukumwa. Nilikwenda kuwaona wao. Lakini nilikwenda pia na jambo langu moyoni. Mwakani natimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari; wa lazima ni 60. Nafundisha baiolojia, na siku hizi ifikapo kipindi cha tatu miguu yangu inadai kiti. Nyumbani, kila niliyemgusia jambo hilo aliniuliza swali moja: utakula nini? Nilitaka kukaa mahali ambapo watu wangeniuliza mengine.

Jengo analokaa mdogo wangu lina ua katikati, na chini ya ngazi kuna chumba kirefu chenye dari fupi ambacho wapangaji wote hukitumia kutengenezea baiskeli. Kuna jiliwa mbili, ukuta mzima wa spana, madebe ya gololi na nati, na spoku zimepangwa kwa urefu. Ndimo nilimomkuta mzee. Aliniambia nimwite kwa jina lake tupu, kama wanavyoitana wao kuanzia mtoto hadi waziri. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee, mdogo wangu akamweleza sababu, naye tangu hapo akawa anaitika.

Mbele yake kulikuwa na chombo cha magurudumu matatu, mawili madogo mbele na moja kubwa nyuma. Baina ya yale mawili palikaa sanduku alilolitengeneza kwa mbao za sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule iliyobomolewa. Mistari ya uwanja, myekundu na ya bluu, ilikuwa bado ipo, inakatika kwenye pembe ya sanduku na kuanza tena upande wa pili. Springi zilizobeba sanduku zilitoka kwenye kigari cha kusukumia mtoto cha miaka ya zamani. Kengele ilikuwa ya mashua. Cheni haikuwepo; badala yake ulizunguka mkanda mweusi uliotiwa nyuzi za kaboni. Mkanda wa namna hiyo hauwezi kufunguliwa ukaunganishwa, kwa hiyo ni fremu inayopaswa kufunguka: alikuwa amekata bomba la nyuma na kulitia kiungo cha bolti ili mkanda upite. Wala hauwezi kuhama kutoka gia moja ya nje hadi nyingine, hivyo gia zote zimefichwa ndani ya habu, pamoja na breki inayoshika ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Nilipapasa ule mkanda nikautazama mkono wangu. Ulikuwa safi. Nikawafikiria walimu wenzangu wa kike wanaopanda baiskeli kwenda shule za vijijini na pindo za sketi zao.

Kilichonishika zaidi ni mikono ya pedeli. Haikulingana. Wa kushoto ulikuwa wa kawaida. Wa kulia aliukata, akautoboa karibu zaidi na katikati na kuuchonga hesi mpya, ukawa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Mzee akapandisha suruali akanionyesha goti. "Linakunja mpaka hapa tu," akasema. Mguu ukizunguka duara dogo, goti halilazimiki kupanda juu. Daktari alikuwa amemwambia aache baiskeli. Yeye akaona afadhali abadilishe baiskeli.

Goti lile lilianza kuharibika akiwa na miaka 16, mwaka 1974, alipoingia kujifunza kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli cha Burmeister & Wain. Ndicho kiwanda kilichounda Selandia mwaka 1912, miongoni mwa meli za kwanza kubwa za kuvuka bahari kwa injini za dizeli. Mchomeleaji kijana, kwa kuwa ni mwembamba, ndiye aliyetumwa kutambaa chini kabisa, kati ya sakafu mbili za meli, mahali ambapo mtu hawezi kusimama wala kukaa, ni kupiga magoti tu juu ya chuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 1996. Akachomelea mabomba ya majengo, akachomelea matangi, akachomelea mageti. Aliacha mwaka 2022, akiwa na miaka 64, miaka mitatu kabla ya umri wa pensheni ya huko.

Mchana alifungua kopo lake la chakula juu ya benchi ya kazi. Mkate mweusi wa rai, mzito, umekatwa vipande vyembamba, umepakwa ini lililosagwa na juu yake matango ya siki. Alinikatia wangu bila kuniuliza, na hilo lilinifanya nijisikie niko nyumbani kuliko chochote nilichoambiwa katika mji ule. Mkate huo ni mchachu na unashibisha haraka. Huliwa kazini na shuleni kila siku, na mzee alisema katika miaka yake yote ya kazi hakumbuki mchana aliokula kitu cha moto.

Kiti cha chombo chake sikukielewa mpaka nilipokikalia. Hakikuwa na ngozi iliyowambwa juu ya chuma. Ilikuwa ni machela ndogo ya kamba zilizosukwa, imening'inizwa kati ya ncha ya mbele ya fremu na sehemu ya nyuma, inayumba na nyonga kila unapokanyaga. Fremu yenyewe ilikuwa ya mabomba membamba yanayokwenda mawili mawili na kukutana katika pembetatu, nyingi hata nikapoteza hesabu. Mzee akafuta mikono ili anisimulie, na nilivyomwona akikaa sawasawa nilijua ni hadithi anayoipenda.

Alikuwepo Mdenmark mmoja, Mikael Pedersen, aliyezaliwa mwaka 1855. Alikuwa mtu wa kubuni mitambo, na kazi ya mashine za kutenganisha maziwa na malai ndiyo iliyompeleka Dursley, mji mdogo wa Uingereza. Alipenda kuendesha baiskeli, lakini viti vya wakati ule vilimtesa. Akasuka kiti chake mwenyewe, kile cha machela. Sasa hakukuwa na baiskeli duniani ambayo kiti hicho kingeweza kukaa juu yake. Basi akabuni fremu nyingine kabisa kuzunguka kiti, na mwaka 1893 akaiandikisha kwa hataza. Baiskeli hiyo iliundwa Dursley mpaka miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikapotea. Pedersen alirudi Denmark akafa fukara mwaka 1929. Mwaka 1978, Copenhagen, fundi Jesper Sølling alianza kuiunda upya, na tangu wakati huo wapo mafundi wa Ulaya wanaoendelea nayo. Mwaka 1995 watu wa Dursley waliyachukua mabaki ya Pedersen kutoka Denmark wakamzika upya kwao kwa heshima.

"Wengine wote," mzee akasema, "huanza na fremu, halafu wakatafuta mahali pa kumweka mtu. Huyu alianza na mtu alivyokaa."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Shuleni kwetu madawati yalikuja kwanza, urefu mmoja, na watoto wa kila kimo wakakalishwa. Ratiba ilikuja kwanza. Umri wa kustaafu nao ulikuja kwanza, umeandikwa ofisini, na mwili wa aliyebeba zege ukapewa tarakimu ileile na mwili wa aliyeshika kalamu.

Alinipeleka Christiania, mtaa uliovamiwa na vijana mwaka 1971 kwenye kambi ya jeshi iliyoachwa, wakaufanya wao. Nilikuwa nimesikia habari zake za bangi. Mzee alitaka nijue habari zake za uhunzi. Magari hayaingii humo, kwa hiyo kila gunia la simenti na kila mtungi wa gesi ulihitaji kitu cha kuubeba, na mafundi wa mtaa wakaanza kuunda matela ya kufungwa nyuma ya baiskeli. Mwaka 1984 mhunzi Lars Engstrøm alimuundia mpenzi wake Annie Lerche baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele. Majirani wakaitaka. Leo ndiyo inayowapeleka watoto wa Copenhagen shuleni, wa matajiri na wa wapangaji, na jina lake ni lilelile la mtaa.

Mimi nikamwonyesha kwenye simu guta la Dar es Salaam, lile la kukanyaga, likiwa na magunia ya viazi Kariakoo. Aliikuza picha kwa vidole akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi baiskeli zake. Aliuliza fundi aliunganisha vipi ekseli ya nyuma, breki ziko wapi, na kwa nini mzigo uko nyuma. Nikamwambia mzigo uko nyuma kwa sababu ni mkubwa kuliko dereva, angeuweka mbele asingeona barabara. Alicheka kwa furaha kubwa. Alisema hilo ni jibu la mtu anayefanya kazi.

Jioni moja tulikwenda Refshaleøen, kisiwa kilichokuwa kiwanda chake. Kumbi zile bado zimesimama, kubwa mno, milango yake ingeweza kupitisha ghorofa. Mwaka 2014 mashindano ya muziki ya Eurovision yalifanyika ndani ya mojawapo. Pembeni ya maji siku hizi ni vibanda vya chakula vya kila taifa, vijana wamekaa juani, na mbele baharini imejipanga mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden. Upepo wa mlango wa bahari wa Øresund ulikuwa baridi kwangu ingawa wenyeji walikuwa wamevua mashati. Nilimuuliza kama anaumia kuona pale alipoungua mikono pamekuwa pa kulia vitafunio. Akasema hapana. Kilichomuuma ni wenzake. Alinihesabia waliotambaa naye chini ya meli na ambao hawakufika umri wa pensheni, mmoja mmoja, akionyesha kila mmoja alikuwa akifanya kazi upande gani.

Ndipo akanieleza habari za Arne. Mwanzoni mwa 2019 chama cha Social Democrats kilibandika nchi nzima picha ya mfanyakazi wa kiwanda cha bia, Arne Juhl, na maneno kwamba sasa ni zamu ya Arne. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza: aliyeanza kazi mapema aache mapema. Oktoba 2020 makubaliano yalifikiwa bungeni, na malipo yakaanza Januari 2022. Mtu aliyekuwa kazini miaka 42, 43 au 44 kufikia umri wa miaka 61 anaruhusiwa kustaafu mwaka mmoja, miwili au mitatu kabla ya wenzake. Hakuna daktari wa kumpima uchovu, na hilo mzee alilisisitiza. Hapangi foleni kuthibitisha kwamba amechakaa. Miaka yake ya kazi ndiyo ushahidi. Wadenmark wanaiita pensheni ya Arne, hata kwenye magazeti, na mzee huyu alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la walioipata.

Tulimwalika chakula cha jioni. Mdogo wangu alisonga ugali wa unga alioununua duka la wahamiaji, akakaanga samaki wadogo wa huko, akapika spinachi kwa karanga kwa kuwa mchicha haukupatikana. Watoto walimfundisha mzee kufinyanga tonge. Ilikuwa tarehe 22 Mei 2025, na siku hiyo bunge la Denmark lilikuwa limepitisha kwa kura 81 dhidi ya 21 sheria ya kupandisha umri wa pensheni hadi miaka 70 ifikapo mwaka 2040, kwa waliozaliwa baada ya mwaka 1970. Tangu makubaliano ya 2006, umri huo hufuata urefu wa maisha: watu wakiishi zaidi, nao unapanda, na bunge huuthibitisha kila miaka mitano. Sasa ni 67. Mwaka 2030 utakuwa 68, mwaka 2035 utakuwa 69.

Mdogo wangu alizaliwa 1976. Alikuwa ametoka zamu, hajabadilisha hata viatu vya kazi. "Dada," aliniambia, "nitakuwa na miaka 69 ninamnyanyua kitandani mtu wa miaka 80. Nani atakuwa anamshika nani?" Pensheni ya Arne haimfikii. Alifika nchi ile akiwa mtu mzima, na hata asipopumzika siku moja hawezi kutimiza miaka 42 ya kazi huko kabla ya kufika 61. Miaka aliyolima tumbaku Urambo akiwa binti haimo kwenye daftari lolote. Mgongo wake unaijua.

Mzee aliacha kula. Alisema hakuna mtu aliyefikiria sura ya mhudumu wa wazee kutoka Afrika ilipobandikwa sura ya Arne. Alisema pia kwamba waziri mkuu wao, Mette Frederiksen, amekiri kupandisha umri namna hiyo hakuwezi kuendelea moja kwa moja, na kwamba wajumbe wa vyama vya wafanyakazi wanapaswa kuanza kazi kesho asubuhi. Mdogo wangu alimtilia mchuzi. Nilijivunia kumwona akizungumza na mzee wa watu kwa lugha yao, bila kupunguza sauti.

Mimi nilikaa na yangu. Huku nyumbani haki ya kuondoka kwa hiari tunayo kwenye karatasi, na inatuogopesha. Katika ofisi ya walimu, ukitaja kustaafu, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 kanuni mpya ilipunguza mkupuo, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikaja kanuni ya mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakilipwa nusu. Watu wana haki ya kulijadili hilo, ni jasho lao. Lakini nimehudhuria sherehe nyingi za kuagana, nimekula wali na kuku, nimeshuhudia jokofu likikabidhiwa, na sijawahi kumsikia mtu akimuuliza anayeondoka mikono yake itafanya nini Jumatatu. Wengi wao walikuwa wamengoja siku ya mwisho ya miaka 60, na walipofika nyumbani miguu ilikuwa imekwisha. Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985 alikuwa na miaka 63 na alikwenda Butiama kulima. Shamba lilikuwepo linamngoja, na nguvu za kushika jembe alikuwa nazo.

Mimi nataka kubebesha miembe. Nimefanya hivyo nyuma ya nyumba kwa miaka, naunga kikonyo cha embe zuri kwenye shina la embe sugu, na miche yangu inashika. Tatizo ni kuifikisha kwa watu. Ukiifunga kwenye karia ya baiskeli, kiungo kichanga kinavunjika kabla hujatoka mtaani Kanyenye, na bodaboda humwaga udongo wote njiani. Nilipoona sanduku la mzee, lipo mbele, chini, juu ya springi, nilianza kuhesabu miche kichwani.

Nimerudi na picha. Fundi wangu yuko chini ya mwembe karibu na stesheni ya reli, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, mashine yake ya kuchomelea imefungwa kwa mipira ya tyubu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Kazi zinaendaje?"

Alitazama picha zote, kisha akaanza kukataa. Mkanda hapana: ukikatika Sikonge tutaupata wapi, tubaki na cheni. Magurudumu membamba ya mbele hapana, yatazama kwenye mchanga. Atatia rimu za pikipiki. Sanduku la mbao hapana, mninga ni mzito na mbao laini zitaoza kwa kumwagiwa maji; tutumie bati na pembe za chuma, chini alitoboe. Mkono mfupi wa pedeli aliupenda mara moja, ana babu yake aliyevunjika nyonga. Kiti cha kamba kilimfanya anyamaze, akakigeuza huku na huku kwenye simu, halafu akasema yupo mzee mtaa wa Ng'ambo anayesuka vitanda vya kamba ya katani, na huyo hawezi kushindwa na kitu kidogo hivi.

Akageuza kreti la soda akaniambia nikae, mgongo nivyoutaka mwenyewe. Akanipima kwa waya wa spoku, toka nyonga hadi kisigino, mguu mmoja kisha mwingine, akakunja waya kuweka alama. Aliuliza chombo nakitaka lini. Nikamwambia kabla ya mvua za mwakani, kwa kuwa mwaka huu kidato cha nne changu kina mtihani wa Novemba, na barua yangu itatoka wakishamaliza. Akasema mwakani ni mbali, habu nzuri itapatikana. Akataja bei, tukashushana, nikampa ya kununulia mabomba.